Rufaa ya Ushuru Iliyochelewa: Huruma ya Mahakama Yamfikia Nani?

Shemeji yangu ana duka la vifaa vya ujenzi. Si duka kubwa: misumari, rangi, mabomba, na mifuko ya simiti ikipatikana. Mwaka jana, mwezi wa Shaabani, alinipigia simu asubuhi na mapema, sauti imemkauka. "Shemeji, nimekuja benki kutoa pesa za mzigo, naambiwa zimezuiwa. Naambiwa nadaiwa ushuru."

Tulipofuatilia tukakuta mambo ni haya. Miezi mitano nyuma alikuwa amefanyiwa makadirio ya ushuru, zaidi ya shilingi laki tisa. Pesa zote zilizopita katika akaunti yake zilikuwa zimehesabiwa kuwa mauzo ya duka. Lakini ndani yake mlikuwa na pesa ambazo kaka yake aliye Maskati amekuwa akimtumia ili amjengee nyumba Likoni. Hizo si mauzo, ni amana. Risiti za simiti zipo, malipo ya mafundi yapo kwenye simu, na nyumba yenyewe ipo, imefika kwenye linta. Lau angepinga kwa wakati, alikuwa na la kusema na ushahidi wa kuonyesha.

Hakupinga kwa sababu hakujua. Notisi ilikwenda kwenye barua pepe iliyosajiliwa pamoja na PIN yake, na barua pepe hiyo haikuwa yake. Ilikuwa ya kijana wa saiba aliyemsajilia PIN miaka mingi nyuma, wakati shemeji hana barua pepe wala haoni haja ya kuwa nayo. Kijana mwenyewe alishaondoka zamani, yuko Saudia anaendesha lori.

Jioni ile barazani, baada ya Isha, tulipolizungumza jambo hili mzee mmoja akasema: "Sasa hofu ya nini? Nendeni kortini. Korti siku hizi husamehe waliochelewa." Waliokuwapo wakaitikia kwa vichwa. Neno hilo ndilo lililonifanya niandike makala haya. Lina ukweli nusu, na ukweli nusu katika mambo ya ushuru humfilisi mtu.

Mimi si wakili. Nina diploma yangu ya usimamizi wa biashara na miaka kadhaa ya kuwapangia wafanyabiashara wadogo vitabu vyao vya hesabu. Ninachosema hapa ni kile kilichoandikwa katika sheria na kile ambacho majaji wamekwisha kukiamua, pamoja na niliyoyaona mwenyewe.

Saa ya sheria inavyokwenda

Sheria ya Taratibu za Ushuru ya mwaka 2015 inampa mlipaji siku 30 za kupinga makadirio tangu anapoarifiwa. Pingamizi linapelekwa kwa Kamishna wa KRA, kwa maandishi, likieleza ni kiasi gani kinapingwa, kwa sababu gani, na likiwa na stakabadhi zake. Ile sehemu ya ushuru usiyoipinga unatakiwa uilipe, au ukubaliane na KRA namna ya kuilipa.

Kamishna naye ana saa yake. Akipokea pingamizi lililo sawa, ana siku 60 za kutoa uamuzi. Zikipita bila jibu, sheria inasema pingamizi limekubaliwa.

Ukishindwa kwa Kamishna, una siku nyingine 30 za kupeleka notisi kwa Jopo la Rufaa za Ushuru, lile linalojulikana kwa herufi TAT, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2013. Baada ya notisi una siku 14 za kuwasilisha hati za rufaa zenyewe. Na kabla ya yote hayo kuna ada ya shilingi 20,000 ambayo hairudishwi, ushinde au ushindwe. Atakayeshindwa mbele ya Jopo, awe mlipaji au KRA, ana siku 30 za kwenda Mahakama Kuu. Kutoka hapo kuna Mahakama ya Rufaa, lakini katika mahakama zote mbili ni kwa hoja za kisheria tu.

Sasa, je, ukichelewa? Hapa ndipo mzee wetu wa baraza alipopata nusu ya ukweli. Sheria yenyewe imeacha mlango wa uani. Kamishna anaweza kukubali pingamizi lililochelewa, na Jopo linaweza kuongeza muda wa rufaa, ikiwa mtu hakuwepo nchini, alikuwa mgonjwa, au ana sababu nyingine ya maana. Mahakama Kuu nayo imepewa uwezo wa kuruhusu muda zaidi. Kwa hivyo, jaji anapompokea aliyechelewa hapindishi sheria, anaitumia.

Majaji hupima nini

Mlango huo hauko wazi kwa kila anayebisha. Tangu kesi ya Shah dhidi ya Mbogo ya mwaka 1967, msimamo umekuwa kwamba huruma ya mahakama ni ya kumwokoa mtu aliyepatwa na ajali, aliyeghafilika au aliyekosea kosa la kibinadamu. Si ya kumsaidia anayekwepa haki makusudi au anayevuta wakati.

Mwaka 1999, katika kesi ya Leo Sila Mutiso, Mahakama yetu ya Rufaa ilitaja mambo manne ambayo mpaka leo mawakili huyakariri: umechelewa muda gani, kwa sababu gani, rufaa yako ina matumaini kiasi gani, na mwenzako ataumia vipi ukiruhusiwa. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu, katika kesi ya uchaguzi ya Nicholas Salat, ikaweka wazi zaidi kwamba kuongezewa muda si haki ya mtu. Ni hisani ya mahakama, anayeiomba ndiye wa kuishawishi, na ni lazima aje bila kukawia.

Ipo pia hurumamu ya aina nyingine ambayo majaji wetu wamekuwa nayo tangu miaka ya sabini na themanini: kwamba mteja asinyimwe haki kwa kosa la wakili wake. Binadamu hukosea, na mara nyingi kosa la mwanasheria laweza kurekebishwa kwa kumlipa mwenzako gharama. Ni msimamo mzuri. Lakini tazama unamsaidia nani. Unamsaidia mwenye wakili.

Msumeno na meno yake

Wapo wanaotaja Kifungu cha 159 cha Katiba ya 2010, kinachosema haki itendwe bila kushikilia mno taratibu, kana kwamba ni dawa ya kila ugonjwa. Mahakama zimekuwa zikiwarudisha watu kwenye mstari. Mfano mzuri ni wa mwaka 2021, katika kesi ya Equity Group Holdings dhidi ya Kamishna wa Ushuru wa Ndani. Hapo aliyechelewa hakuwa mlipaji, alikuwa Kamishna, ambaye uamuzi wake ulikuja baada ya zile siku 60. Jopo lilimtazama kwa jicho la upole. Mahakama Kuu ikakataa: siku 60 zimewekwa na Bunge, zikipita zimepita, na Kifungu cha 159 hakiwezi kuzirudisha.

Nilifurahi niliposoma uamuzi ule, si kwa kuipenda benki, bali kwa sababu sheria ni msumeno na msumeno hukata mbele na nyuma. Kama siku 30 zinamfunga muuza misumari, basi siku 60 zimfunge Kamishna mwenye majengo na mitambo.

Lakini msumeno huu haukati sawa kila mahali. KRA inaposhindwa mbele ya Jopo na kuchelewa kwenda Mahakama Kuu, nayo huomba kuongezewa muda kama mtu mwingine yeyote, na hupimwa kwa mizani ile ile ya mambo manne. Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema mizani ni moja kwa wote, basi yatosha. Taasisi yenye idara nzima ya wanasheria, ikisema imechelewa kwa kuwa faili ilikuwa ikisubiri afisa, haiwezi kusikizwa kwa sikio lile lile la mtu aliyelazwa hospitalini, au mama wa duka aliyejua habari zake siku aliyokataliwa pesa benki. Sababu ya maana kwa mnyonge yaweza kuwa uzembe kwa mwenye nguvu. Majaji wanao uwezo wa kuona tofauti hiyo, kwa kuwa sheria haikuwafungia maana ya sababu.

Hoja ya upande wa pili

Nisije nikaonekana nawatetea wanaokwepa. Ushuru ndio unaolipa daktari, mwalimu na barabara, na KRA haiwezi kupanga chochote ikiwa kila deni la miaka mitatu iliyopita laweza kufufuliwa kesho. Wapo wafanyabiashara, tena wakubwa, ambao kwao rufaa ni njia ya kununua wakati: wanapinga, wanachelewa, wanaomba muda, wanachelewa tena, na mwaka unakatika. Mahakama ikimlegezea kila mtu, wanaofaidi ni hao. Jirani yake anayelipa kwa wakati anaonekana mjinga.

Sisi Waislamu hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mizani ya jambo hili. Katika Sura al-Baqara, aya ya 280 inatuamrisha kumpa muda mdaiwa aliye katika dhiki mpaka apate wepesi. Hazipiti aya mbili, katika aya ya 282, tunaamrishwa deni liandikwe, na muda wake ujulikane. Muda na huruma vimewekwa pamoja, kimoja hakikuja kufuta kingine. Najua zinazungumzia deni baina ya watu, si ushuru wa serikali, lakini busara yake ni hiyo hiyo: asiye na tarehe hana mkataba, na asiye na huruma hana uadilifu.

Kwa hivyo, sisemi mahakama iache kuwahurumia waliochelewa. Nasema huruma hiyo, ilivyo leo, inamfikia aliyekwisha kufika mahakamani. Ili uombe kuongezewa muda lazima ujue kwamba ombi kama hilo lipo, uwe na wa kukuandikia hati ya kiapo, uwe na shilingi 20,000 za ada, na uwe na pesa za wakili, ambazo mara nyingi huzidi hiyo ada. Kampuni iliyochelewa siku tisa ina yote hayo. Muuza samaki wa Shimoni au fundi seremala wa Malindi hana hata moja. Yeye hatumlaumu jaji kwa kumkatalia, kwa sababu jaji hakuwahi kumwona.

Nini kifanyike

La kwanza ni la KRA yenyewe. Notisi inayoweza kumfungia mtu akaunti isiishie kwenye barua pepe. Kuna simu ya mlipaji, kuna anwani ya duka, kuna maafisa walioko Mombasa, Malindi na kwingineko. Siku 30 ni haki tu pale zinapoanza kuhesabiwa tangu mtu alipojua, au alipokuwa na nafasi ya kweli ya kujua. Kifungu cha 47 cha Katiba kinataka uamuzi wa ofisi za serikali uwe wa haki, na hakuna haki katika barua iliyosomwa na mtu mwingine.

La pili ni la Jopo na mahakama. Tunahitaji kujua mapema sababu zipi zinakubalika, ili mtu asitupe pesa kwa kubahatisha. Ombi la mlipaji mdogo asiye na wakili, mwenye deni dogo, lipatiwe fomu nyepesi na lisikizwe kwa njia ya mtandao bila ya safari ya Nairobi. Na ile ada ya shilingi 20,000, ambayo ni sawa kwa benki na kwa kibanda, Bunge liitazame upya. Wabunge wetu wa Pwani wanaoshinda kwenye harusi na matanga watupe jibu juu ya hilo.

La tatu ni letu. Hapa sitawafichia maneno, jamaa zangu.

Fungua iTax yako leo, si kesho, utazame barua pepe na nambari ya simu zilizosajiliwa ni za nani. Kama ni za saiba, za mpwa wako aliyehama au za karani uliyemfukuza, zibadilishe. Barua yoyote ya ushuru ikifika, andika tarehe uliyoipata juu ya karatasi, kisha uhesabu siku 30. Waache wanasheria wabishane kama Jumapili na sikukuu zimo au hazimo. Wewe zihesabu zote, usije ukajuta. Pesa za amana, za mchango wa harusi, za chama na za ndugu aliye ng'ambo usizipitishe kwenye akaunti ya duka. Ukilazimika, weka maandishi yanayoonyesha ni za nani na zimetumika wapi, kwa sababu katika kesi ya ushuru mzigo wa kuthibitisha ni wako, si wa KRA.

Na ukigundua umechelewa, usikae. Hili ndilo lililomponza shemeji.

Mwisho wa habari yake

Siku ile alipozuiliwa pesa, bado alikuwa na la kusema. Angeweza kueleza habari ya kijana wa saiba, akaonyesha barua pepe si yake, akaomba pingamizi lake lipokewe nje ya muda. Sababu nyingine ya maana, kama sheria inavyosema. Badala yake alimsikiza mtu aliyemwambia kwamba anajuana na watu, na kwamba jambo lake litamalizika kimyakimya. Mtu huyo alichukua pesa za kwanza, akachukua za pili, kisha simu yake ikawa haipatikani. Miezi miwili ikapita hivyo.

Tulipofika kwa wakili, alisikiliza yote, akatuambia maneno ambayo sijayasahau: ile miezi mitano ya mwanzo naweza kuieleza mbele ya yeyote, lakini hii miwili ya mwisho nitaieleza vipi? Alikuwa tayari kujaribu, ila bila ahadi. Shemeji akapiga hesabu ya ada, ya wakili, na riba ya asilimia moja kwa mwezi inayoendelea kupanda juu ya deni. Akaona afadhali kukubali deni na kulilipa kwa awamu.

Sasa analipa kila mwezi ushuru wa mauzo ambayo hakuyauza. Kaka yake wa Maskati bado hajaelewa vizuri pesa zake zimekwenda wapi, na nyumbani kuna maneno. Huwa napita Likoni mara moja moja. Nyumba iko pale pale kwenye linta, vyuma vimeanza kuingia kutu.

Mzee wa barazani hakusema uongo. Korti husamehe. Lakini humsamehe aliyekwenda akaomba mapema, akaeleza, akaaminika. Siku 30 zikipita, hesabu inayobaki ni ya siku ulizokaa kimya baada ya kujua, na hizo hakuna saiba wala wakili wa kuzibeba kwa niaba yako.